Wachungaji wenye digrii wanabaki mjini, vijijini Kivu na Ituri wanahubiri wasiosoma. Shida iko wapi hasa?

#1 Mwana Semuliki
Habari za humu wakuu. Mimi ni Mkongomani wa Beni, niko Dar kwa shughuli zangu ila nyumbani naenda mara kwa mara. Kuna kitu kinanikera nataka tukijadili. Kwetu mashariki vyuo vya theolojia si haba, Bunia kuna Shalom, Goma kuna ULPGL, Bukavu kuna UEA, hapo sijagusa shule za Biblia ndogondogo ambazo karibu kila jumuiya (dhehebu kwa lugha yetu) inayo ya kwake. Kila mwaka watu wanavaa majoho, wanapiga picha na maua ya plastiki. Sasa toka Beni mjini ushike barabara ya Mbau kwenda Kamango, au pita Oicha hadi Eringeti, anayesimama mbele kanisani ni mzee wa kanisa au katekista aliyeishia la sita la msingi. Wenye digrii wako wapi? Wako Goma, wako kwenye ma-NGO, wako Kampala, wako Marekani. Na vijijini ndiko watu wanachinjwa tangu Oktoba 2014, ndiko mama anakuja kumuuliza mchungaji Mungu alikuwa wapi usiku ule. Anayejibiwa swali hilo anajibiwa na mtu ambaye hajawahi kufundishwa ajibu vipi.

Dai langu: vyuo vyetu vinafundisha watu kuondoka. Nibishieni.

#2 Kigoma Mwisho wa Reli
Navuta kiti. Uzi utakuwa mrefu huu.

#3 mtumishi wa kweli
Bwana asifiwe. Ndugu mleta uzi unapotea njia. Matendo 4:13 inasema wazi Petro na Yohana walikuwa watu wasio na elimu. Anayefundisha ni Roho Mtakatifu siyo chuo. Simon Kimbangu alisoma theolojia wapi? Alihubiri miezi tu mwaka 1921 na leo kanisa lake lina mamilioni ya watu. Hao wenye digrii wanajua Kigiriki lakini pepo hawatoki.

#4 Bunia ya Zamani
@mtumishi wa kweli tuwekane sawa. Kimbangu alisoma shule ya misheni ya Wabaptisti Ngombe Lutete, akabatizwa 1915, akawa katekista wao kabla ya hiyo 1921. Mtu wa kufundishwa yule. Kilichomkuta ni Wabelgiji, alihubiri kuanzia Aprili hadi Septemba wakamfunga akafia gerezani 1951, miaka 30. Na Paulo alikaa miguuni pa Gamalieli, mstari huo huwa mnauruka.

Turudi kwa mleta uzi. Umechanganya vitu viwili. Kwetu kuna ngazi. Kuna shule ya Biblia ya wale wasio na diploma ya serikali, wanafundishwa Kiswahili au lugha ya kwao, wengine wanaingia wakiwa na watoto watano. Juu yake kuna taasisi ya Biblia. Juu kabisa ndo chuo kikuu, huko bila Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, huingii na kila kitu ni Kifaransa. Sasa wa ngazi ya chini ndo wanaorudi kijijini na ndo hao unaowaona. Wa chuo kikuu tangu mwanzo walilengwa wawe walimu wa hizo shule na viongozi wa jumuiya, siyo kuchunga Eringeti. Unamlaumu mtu kwa kazi ambayo hakuandaliwa.

#5 Mwana Semuliki
Mkuu nakuelewa ila hapo ndo umenisaidia hoja yangu. Kama wa juu hawaandaliwi kwa ajili ya kijiji, na hizo shule za chini nyingi zimefungwa kwa sababu ya usalama, nani anabaki? Shalom yenyewe ilianza 2007 juzi tu, ingekuwa bado na ule moto.

#6 Bunia ya Zamani
2007 ndo lilipatikana jina la chuo kikuu. Kazi ilianza 1961 kule Banjwade, upande wa Kisangani, ndo baadaye ikahamia Bunia. Wazee wetu wanaiita kwa jina la zamani, ISTB, mpaka leo. Miaka zaidi ya 60 hiyo, imevuka Mobutu, imevuka ile vita ya Ituri ya Wahema na Walendu ya 1999 hadi 2003. Usiiite ya juzi.

#7 Binti Ruzizi
Aksanti kwa uzi. Mimi ni mama mchungaji kwa iyo nitasema kama mama mchungaji.

Mume wangu alimaliza graduat, digrii ya kwanza, ya theolojia. Jumuiya ikamtuma parokia ya milimani juu ya Uvira, jina silitaji. Tulipokelewa na mbuzi, nyimbo, watu wakalia kwa furaha. Mshahara wa kwanza ulikuwa ni mihogo kiroba kimoja na nusu. Sadaka ya Jumapili ikihesabiwa wanatoa kwanza asilimia ya makao makuu, halafu ya wilaya, kinachobaki ndo cha pasta, na siku nyingi ilikuwa noti za franga zilizochakaa hata muuza chumvi anazigeuza mara mbili. Sikukataa. Nililima. Lakini shule kule ilikuwa ya darasa la nne, mwalimu halipwi, watoto wangu walikuwa wanasahau hata kile walichojua. Halafu usiku risasi. Tulikuwa tunalala na viatu miguuni.

Ikaja NGO moja ikataka mtu anayejua Kifaransa na kuandika ripoti na anayeaminika na wanakijiji. Wakamkuta yeye. Mshahara wa mwezi mmoja ulikuwa zaidi ya alichopata parokiani mwaka mzima. Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Akaondoka na mimi ndiye niliyefunga mizigo, niseme ukweli. Sasa akisikia watu wanasema wenye digrii wamekimbia kondoo huwa ananyamaza siku nzima.

#8 Kigoma Mwisho wa Reli
Pole sana mama. Uzi ungeweza kufungwa hapa. Ni hela.

#9 Chukudu
Haufungwi. Kama ni hela tu mbona walimu wa shule za msingi wa kwetu wanalipwa hovyo na bado wako vijijini? Mimi nasema ni Kifaransa. Nimekaa ibada Butembo, pasta katoka chuo, anahubiri Kiswahili kimechanganyika na maneno ya mémoire yake ya kumalizia chuo, eskatolojia mara eklesiolojia, wamama wanatikisa vichwa kwa heshima. Ibada ikiisha wanamzunguka mzee mmoja fundi baiskeli awaeleze ilikuwa inahusu nini. Miaka mitano mtu anasomea imani yake kwa lugha ambayo hajawahi kuiombea. Akirudi anaona aibu kushuka, na watu wanaona aibu kumwuliza. Mwisho anatafuta parokia ya mjini yenye ibada ya Kifaransa ya saa mbili asubuhi, huko ndo anapumua.

#10 Padre Mstaafu
(Kabla hamjaniuliza: mimi si padre wala sijastaafu, ni jina tu.)

Sisi Wakatoliki tunawatazama kwa huruma. Padri wa kwanza Mkongomani Stefano Kaoze alipata upadirisho 1917, kule Baudouinville, leo Moba, kando ya Tanganyika. Tangu hapo mfumo ni uleule, falsafa, theolojia, miaka saba au zaidi, halafu askofu anakwambia nenda Lulingu unaenda Lulingu. Hakuna mke wa kufunga mizigo. Samahani mama Ruzizi, natania.

#11 Binti Ruzizi
😂 Na wa kuwapikia mnaye?

#12 Padre Mstaafu
Nimenyooshwa.

Lakini serious, kuna kitu humo. Askofu mkuu Munzihirwa wa Bukavu mwaka 1996 vita ilipofika, wenye uwezo wote walikuwa wanaondoka, yeye akabaki na watu, wakamuua 29 Oktoba. Hiyo hafundishwi mtu kwa notisi, ila mfumo unakuzoesha kwamba mahali pako panachaguliwa na mwingine.

#13 mtumishi wa kweli
Kwa iyo tuwe makuhani tusioe? Maandiko yanasema askofu awe mume wa mke mmoja.

#14 Kasuku wa Kijivu
Jamani msiingie huko tutafika Jumatano.

Kaoze 1917 ni sawa, ongezea hili. Kongo ilipopata uhuru 1960 waliokuwa na digrii ya chuo kikuu nchi nzima walikuwa hawafiki hata 30. Mapadri Wakongomani walikuwa mamia. Maana yake kwa Mkongomani wa enzi zile njia ya kusoma sana ilikuwa ni seminari. Waliotaka kuwa mawakili na waandishi walipitia huko huko wakatoka nje ya ukuta. Kwa iyo anaposema mleta uzi kwamba theolojia inafundisha watu kuondoka, ni ugonjwa wa zamani, elimu ya kanisa ilikuwa ngazi ya kupandia tangu Mbelgiji. Waprotestanti walichelewa, wamisionari wao wengi walitosheka na shule ya Biblia ya kiwango cha chini, wakaogopa Mwafrika msomi atawahoji.

#15 Bunia ya Zamani
Hapo mwisho umejumlisha mno. 1964 vita ya waasi wa Simba ilipofika wamisionari walikimbia, wengine waliuawa, daktari Paul Carlson alipigwa risasi Stanleyville, leo Kisangani, tarehe 24 Novemba. Makanisa hayakufa. Nani aliyaendesha? Hao hao wa shule ya Biblia ya kiwango cha chini. Msiwadharau.

#16 Jirani wa Gisenyi
Nyie mnalia wasiosoma wanahubiri, njooni ng'ambo yetu. Rwanda 2018 walifunga makanisa zaidi ya 6,000, mengine kwa sababu ya majengo na kelele, na sheria ikatoka kila mchungaji awe na digrii ya theolojia. Wakapewa miaka mitano. Vyuo vilijaa mpaka wazee wa miaka 60 wanabeba mabegi. Kongo fanyeni hivyo mtatulia.

#17 Kasuku wa Kijivu
Siyo kila mchungaji, mkuu. Sheria ilibana wale viongozi wawakilishi, awe na digrii ya theolojia, au digrii nyingine pamoja na cheti cha masomo ya dini. Na kule serikali inafika hadi kijijini. Masisi serikali iko wapi ya kwenda kukagua cheti cha pasta? Leo kijiji kiko chini ya waasi wa M23, kesho wapiganaji wa Wazalendo, keshokutwa hujui. Nani atabandika hiyo sheria na ataibandika kwenye mti gani?

#18 Mshamba wa Mjini
Kongo walishawahi kujaribu kwa njia yao. Mwisho wa 1971 Mobutu akasema dini za Kikristo zinazotambulika ni Katoliki, Kimbangu na Kanisa la Kristo Kongo (ECC) basi. Waprotestanti wote wakaingizwa kwenye ECC ndo maana jumuiya zao zina namba kama jezi, ya 3 CBCA, ya 5 CELPA, ya 8 CEPAC, ya 20 CECA. Ilizuia utitiri? Nendeni Goma mkahesabu mabango ya mitume na manabii barabarani.

#19 Kigoma Mwisho wa Reli
Mitume wenye PhD. Juzi nimeona bango "Apostle Bishop Dr." nikamuuliza jamaa yangu udaktari wa nini, akasema ni wa heshima. Heshima ya nani sasa 😂

#20 Chukudu
Heshima ya dola 300 na joho la kukodi.

#21 Mtoto wa Nyarugusu
Wakuu shikamooni. Nimesoma wote, kuna upande hamjaugusa. Mimi nimekulia kambini Nyarugusu, Kasulu, familia ilitoka Fizi kwenye ile vita ya 1996. Kule kambini makanisa yako kila kona na wachungaji wengi walifundishwa humo humo kambini.

Nieleze ilivyokuwa, maana baba mdogo alikuwa mmoja wao na mimi nilikuwa nawapelekea maji. Mwalimu anakuja kwa kibali, anakaa wiki mbili, anafundisha somo moja tu, tuseme Warumi, anaondoka. Hawakuwa na jengo, ni nguzo na shiti nyeupe ya UNHCR juu, joto lake mchana unasikia kichwa kinagonga. Mabenchi ni miti iliyopasuliwa. Wanakaa na madaftari wameyafunika karatasi ya mfuko wa saruji yasichakae. Itifaki ya Biblia, kile kitabu cha kutafutia maneno na mistari, ilikuwa moja, wanaizungusha kwa zamu, kila mtu saa moja, na kulikuwa na mzee kazi yake kutazama saa. Mtihani unaandikwa wawili wawili kwenye benchi, katikati wameweka kipande cha boksi la mafuta ya msaada ili wasitazamiane. Mwalimu akiondoka wanabaki na maswali ya kufanyia kazi kanisani, mfano nenda kazike, halafu uandike ulisema nini kaburini na kwa nini. Miezi kadhaa baadaye mwalimu anarudi anasoma waliyoandika.

Baba mdogo hakupata cheti chenye muhuri wa maana mpaka leo. Lakini Warumi anaijua. Na hakuacha kanisa hata wiki moja ili asome.

#22 Bunia ya Zamani
Huo ndo mfumo wa elimu ya theolojia kwa enezi. Ulianzia Guatemala 1963 kwa Wapresbiteri, walikuwa na tatizo lile lile la mleta uzi, wanaosoma mjini hawarudi. Wakageuza, mwalimu amfuate mwanafunzi. Afrika ukashika sana, hata hapo Tanzania makanisa mengi yanautumia.

#23 Mwana Semuliki
@Mtoto wa Nyarugusu aksanti sana kijana, marahaba. Sasa niulize, baba mdogo yuko wapi leo?

#24 Mtoto wa Nyarugusu
Kentucky 😅 tangu 2017. Anafanya kazi kiwanda cha nyama usiku, Jumapili anachunga kanisa la Wabembe kwenye jengo wanaloazima kwa Wamarekani mchana.

#25 Chukudu
Kwa hiyo hata bila digrii ameondoka! Hoja ya mleta uzi imeanguka, si chuo kinachofundisha kuondoka, ni vita.

#26 Mwana Semuliki
Haijaanguka, imehamia Kentucky.

Ila kuna jambo tunalizunguka. Kabila. Semeni ukweli. Mtu anamaliza chuo, Mnande, hawezi kutumwa parokia ya Wahutu Rutshuru. Mhema hatumwi kwa Walendu. Hata jumuiya zenyewe zimegawanyika kikabila na uchaguzi wa mwakilishi wa kisheria, mkuu wa jumuiya, ni kampeni kamili, watu wanakodi magari. Msomi akiwa wa kabila dogo anaona hana nafasi, anaondoka.

#27 Bunia ya Zamani
Hili naomba niongee taratibu. Miaka ile ya Ituri nilikuwa mwanafunzi, chuo sikitaji. Bwenini tulikuwa pande zote mbili. Mchana tunasoma Waefeso 2, ukuta umebomolewa, usiku tunasikia mji unaungua na kila mmoja anajua ni wa kwake wanauawa au ni wa kwake wanaua. Kuna waliohama vyumba. Kuna waliokataa kuhama, wakalala na wenzao wa upande wa pili mpaka mwisho. Somo la maridhiano tulikuwa tumefaulu wote. Nakumbuka jamaa mmoja aliyepata alama za juu kabisa ndiye aliyetoka kwenda kubeba bunduki. Sasa nani aniambie mafunzo yanafanya nini hasa kwa mtu.

#28 Kigoma Mwisho wa Reli
Duh.

#29 Binti Ruzizi
Ndo maana mimi naona mnazungumza pasta, pasta, na hamuoni nani amebaki. Kijiji kikikimbia wanaobaki kukusanya watu ni wamama wa kwaya na kikundi cha maombi. Vyuo vingi wake wa wanafunzi wana darasa lao, nililipitia, tulifundishwa kushona, usafi, kufundisha watoto, na Biblia kidogo ya Jumatano. Mume anajifunza kufariji waliofiwa, mke anajifunza kudarizi vitambaa. Halafu mkifika parokiani mwanamke aliyebakwa anakuja kwa nani? Anakuja kwangu mlango wa nyuma. Hapo ndo nilikosa pa kuanzia. Baadaye kabisa nilipata semina ya majeraha ya moyo, siku chache tu, ikanisaidia kuliko Jumatano zote zile.

#30 Padre Mstaafu
Hili la mama ni zito kuliko yote ya juu. Na linanikumbusha Dokta Mukwege wa hospitali ya Panzi, anayetibu wanawake waliobakwa, baba yake alikuwa mchungaji wa Kipentekoste Bukavu. Mwenyewe amesimulia alikuwa anafuatana na baba kuombea wagonjwa, akaona kuomba baba anaomba lakini dawa hana, ndo akaamua kusomea udaktari. Panzi yenyewe iko chini ya CEPAC.

#31 mtumishi wa kweli
Mukwege ni neema ya Mungu. Lakini mimi nauliza hivi, tarehe 15 Januari 2023 Kasindi bomu lilipolipuka kanisani, CEPAC hiyo hiyo, watu wako kwenye ibada ya ubatizo, wakafa zaidi ya 10. Jumapili iliyofuata watu walienda kanisani tena Kivu nzima. Nani aliwafundisha hilo? Chuo gani?

#32 Chukudu
Mtumishi leo umeniweza kidogo.

#33 Jirani wa Gisenyi
Na mimi niongeze la hela maana naona tumeliacha njiani. Goma iliposhikwa na M23 Januari 2025 benki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Mtoto wa dada yangu yuko theolojia mwaka wa pili. Ufadhili wake unatoka kanisa moja la Ulaya. Hela inafika Gisenyi, mama anavuka mpaka, anatoa, anarudi nayo kwenye kanga. Minervali, yaani ada ya chuo, analipa kwa mafungu, na mafungu yakichelewa haandiki mtihani. Mnaongelea mitaala wakati mtu anaulizia kama mpaka umefunguliwa leo.

#34 Mshamba wa Mjini
Na huyo mfadhili wa Ulaya anataka ripoti ya Kiingereza yenye picha, au siyo?

#35 Jirani wa Gisenyi
Picha tatu. Moja akiwa anasoma, moja akiwa anahubiri, moja akiwa na mama yake. Ile ya kuhubiri walipiga sebuleni.

#36 Kasuku wa Kijivu
😂😂 Kivu oyee.

Mleta uzi sasa una majibu sita: hela, Kifaransa, vita, kabila, historia ya Mbelgiji, na mtumishi anasema Roho. Chagua.

#37 Mwana Semuliki
Sichagui bado. Ila nataka kitu kimoja kwa Mtoto wa Nyarugusu. Yale maswali waliyokuwa wanaachiwa, la kwenda kuzika na mengine, baba mdogo bado anayo? Kuna kikundi cha wazee Oicha, kama kumi hivi, hawaendi chuo chochote na shule ya karibu imefungwa. Nikipata hata picha za daftari nitaziprinti hapa Kariakoo niwapelekee Desemba.

#38 Mtoto wa Nyarugusu
Daftari liko kwa shangazi Kasulu, hawakuruhusiwa kilo nyingi kwenye ndege. Ngoja nimpigie. Ila mwandiko wa baba mdogo nakuonya, hata mwalimu alikuwa anamwita asome mwenyewe.

#39 Bunia ya Zamani
Zikipatikana uziweke hapa hapa wote tuchukue. Na zichapwe, si picha. Mzee wa Oicha asihangaike na miwani.

#40 mtumishi wa kweli
Mimi najitolea kuchapa. Nina laptopu, sina digrii.